Bart ana miaka kumi tangu 1989. Je, The Simpsons ifungwe sasa?

"Mwalimu, salaam. Nina miaka 45, ni fundi umeme hapa Jinja. Nililelewa kambini, baba alikuwa askari, na kaka yangu mkubwa ndiye aliyenionjesha The Simpsons, ile katuni ya Kimarekani, kwenye kanda za video. Kile Kiingereza cha Wamarekani kilikuwa kinatupita, basi yeye alitufasiria kwa Kiswahili cha kambini huku akiiga kila sauti, kama VJ, yule mfasiri wa filamu wa kwenye kibanda. Alifariki mwaka jana. Tangu hapo naangalia sehemu za zamani kila usiku, mara nyingine mpaka saa nane. Mpya nimezijaribu, hazinichekeshi, na sauti ya Marge, mama wa familia ile, imekwaruza. Rafiki mmoja ananiambia katuni hiyo iliisha mwaka 2024, mwingine anasema siku hizi inaandikwa na kompyuta, mwingine anasema wale watu ni manabii. Mwanangu wa miaka kumi ameona video za huo 'utabiri' kwenye simu, na sasa haogopi giza tu, anaogopa kulala kabisa. Je, si ingekuwa heshima wakiifunga? Au ni mimi niliyezeeka?"

Ndugu yangu, pole sana kwa kuondokewa na kaka. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara nakwama palepale: kijana wa kambini anaiga sauti za watu wote ili mdogo wake asipitwe na kichekesho. Tutarudi hapo.

Jibu nalitoa mapema usije ukalitafuta hadi chini. Ndiyo, naona ifungwe. Ningependa ifungwe kwa tangazo la mapema, wakati wale waigizaji sita waliobeba sauti zake kuu tangu mwanzo wangali hai na wangali kazini. Nimefundisha uandishi wa vipindi vya televisheni hapa Kampala kwa miaka mingi, na hakuna katuni niliyoichambua darasani kama hii, kwa hiyo sisemi kwa wepesi. Lakini sababu zangu si za hao rafiki zako. Za kwao nyingi ni uvumi, na uvumi huo ndio unaomkosesha mwanao usingizi, basi tuanzie hapo.

Haikuisha mwaka 2024. Kilichotokea ni kwamba tarehe 29 Septemba mwaka huo, msimu wa 36 ulifunguliwa kwa sehemu iliyojifanya ndiyo ya mwisho kabisa. Conan O'Brien, ambaye zamani alikuwa mmoja wa waandishi wa katuni hiyo, alikuja kama mshereheshaji. Ndani ya hadithi tunaambiwa kwamba mashine fulani imepewa kazi ya kuandika mwisho unaofaa, nayo inafunga kila kitu kwa mkupuo: watu wanaagana, mambo yote yananyooka, na Bart, mtoto wa kiume wa familia hiyo, ambaye siku hiyo anatimiza miaka 11, ndiye peke yake anayehisi kuna kitu hakiko sawa. Ilikuwa dhihaka kwa namna televisheni inavyopenda kuaga kwa machozi. Watu wakakata vipande, wakavisambaza bila maelezo, na hapo ndipo uvumi wa kwanza na wa pili vilipozaliwa pamoja. Ile kompyuta iliyoandika ilikuwa sehemu ya mzaha.

Kwa kweli mambo yalikwenda upande wa pili. Aprili 2025 chaneli ya Fox ilitangaza misimu minne zaidi, hadi wa 40, maana yake tunafika 2029. Filamu ya pili ya sinema nayo imetangazwa kwa mwaka 2027, miaka ishirini baada ya ile ya kwanza. Kwa hiyo anayekwambia wanaikokota kuelekea kaburini, mwambie hata jembe halijanunuliwa.

Sasa huo unabii. Ni kweli kwamba Machi 2000 sehemu moja ilimtaja Donald Trump kama rais aliyetangulia. Lakini wasambazaji wa video hawasemi kwamba miezi michache kabla yake Trump mwenyewe alikuwa akitafuta tiketi ya chama cha Reform Party ili agombee urais, akajitoa Februari 2000. Waandishi walichekea jambo ambalo watu walikuwa tayari wakilizungumza. Ile picha ya Trump akishuka kwenye ngazi za umeme, ambayo huitwa utabiri mkuu kuliko wote, ilichorwa mwaka 2015 baada ya yeye kushuka. Na zile picha za korona zilizozunguka kwenye WhatsApp tukiwa tumefungiwa majumbani mwaka 2020, nyingi zilikatwa kutoka sehemu ya mwaka 1993 inayohusu homa kutoka Osaka, kisha zikaunganishwa na kuandikwa mambo ambayo hayamo. Baki ni hesabu. Katuni ina sehemu zaidi ya 750, na kila moja ina vichekesho kwa makumi. Mtu akisema kila asubuhi ya mwaka mzima kwamba leo mvua itanyesha, ziko siku atashangiliwa.

Mwanao usimwambie tu kwamba ni uongo, maana aliyemwogopesha naye alisema kwa uhakika huohuo. Chukueni video moja, ile inayomtisha zaidi, mkae mchana pamoja, mtafute sehemu yenyewe iliyokatwa. Akiona kwa macho yake kwamba maneno yaliyo kwenye video hayamo kwenye katuni, hofu itapungua nguvu. Mtoto wa miaka kumi anapenda sana kumkamata mtu mzima akidanganya.

Nije kwako. Unauliza kama ni wewe uliyezeeka. Kwa sehemu, ndiyo, na katuni imefanya kusudi kukuonyesha hivyo. Familia hii Matt Groening aliianzisha mwaka 1987 kwa vipande vifupi ndani ya kipindi cha Tracey Ullman, na tarehe 17 Desemba 1989 ikapata kipindi chake cha nusu saa, akishirikiana na James L. Brooks na Sam Simon. Bart alikuwa na miaka kumi, na dada zake, Lisa minane, Maggie mmoja. Hivyo ndivyo walivyo hata leo. Bart yule angekua kama binadamu, sasa angekuwa rika lako na angemzidi umri baba yake, maana Homer waandishi humweka kati ya 36 na 40. Kinachosogea ni tarehe. Sehemu ya mwaka 1991 ilitueleza kwamba Homer na Marge walikutana shuleni mwaka 1974. Ilipofika 2008 hesabu ilishakataa, basi wakatutungia ujana mwingine wa wazazi walewale, safari hii katika miaka ya tisini. Ujana wako wewe hauhamishiki. Ulianza ukiwa mwenzake Bart, na leo Homer ni mdogo wako. Lazima kichekesho kionekane tofauti ukiwa umesimama hapo.

Hata hivyo kwa upande mwingine umeona vizuri, na hapa naomba subira yako kidogo maana ndipo kwenye fani yangu.

Katuni hii ilizaliwa ikiwa na mtu wa kumchokoza. Televisheni ya Marekani wakati huo ilijaa familia njema, ambapo kosa la mtoto humalizwa na maneno matamu ya baba kabla ya tangazo la mwisho. Wakaja hawa: baba mvivu anayefanya kazi kwenye mtambo wa nyuklia, mtoto asiyesikia la mwalimu. Ilikuwa na makali ya kweli, hata Rais George H. W. Bush mwaka 1992 akasema hadharani kwamba familia za Marekani zifanane zaidi na akina Walton, familia njema ya tamthilia ya zamani, kuliko akina Simpson. Lakini mchokozi akishinda anabaki na nani? Miaka ilivyokwenda zile familia njema zikatoweka, katuni ya South Park ikaja 1997, Family Guy ikaja 1999, zote zikiwa na ulimi mkali zaidi, na The Simpsons ikawa ndiyo nyumba ya zamani yenye heshima mtaani. Hakuna mwandishi aliyekosea hapo, ni mazingira yaliyobadilika.

Jambo la pili linawahusu wahusika. Jirani yao Ned Flanders, ukitazama misimu ya mwanzo, ni mtu mwema anayemudu maisha kuliko Homer, na ucha Mungu ni jambo mojawapo tu katika tabia zake. Mwaka baada ya mwaka dini ikameza mengine yote. Wapenzi wa vipindi wameligeuza jina lake kuwa jina la ugonjwa huo, na wanalitumia hata kwa tamthilia zisizohusiana naye. Unaufahamu kutoka kambini: mtu anapewa jina la utani kwa jambo moja alilofanya siku moja, na baada ya miaka kumi kila mtu anamtazamia afanye jambo hilohilo, mpaka naye analifanya. Wahusika wa kuchora hupatwa na hali hii haraka kwa sababu hawana kesho. Homer hawezi kujifunza kitu Jumapili hii akakikumbuka Jumapili ijayo. Mwandishi anayetafuta kicheko cha haraka anaipandisha sauti tabia ileile aliyoikuta. Homer wa mwanzo alikuwa mfanyakazi aliyechoka anayewapenda watoto wake vibaya vibaya. Wa baadaye, hasa kuanzia msimu wa tisa na wa kumi, mara nyingi ni mwehu tu.

Upo pia mwendo wa kiwanda chenyewe. Sehemu moja inaandikwa, inasomwa mezani, inarekodiwa sauti, inachorwa kwa mistari, kisha inapelekwa Korea Kusini kuchorwa kikamilifu, inarudi, inarekebishwa, inatiwa muziki. Miezi tisa au zaidi. South Park hutoa sehemu kwa siku sita. Katika dunia ambayo kichekesho cha asubuhi kimechakaa kufikia jioni, anayekuja na mzaha wa mwaka jana anaonekana mzee hata kama mzaha ni mzuri.

Nisiwadhulumu lakini. Tangu Matt Selman achukue usukani wa sehemu nyingi, kuanzia mwaka 2021 hivi, zimetoka sehemu zenye ujasiri ambazo ningezionyesha darasani bila haya. Ukiniambia mpya zote ni mbovu nitakukatalia. Ukiniambia hazikuhitajika, hapo tutakubaliana.

Basi kwa nini nataka ifungwe, kama bado wanaweza? Kwa sababu ya kile ulichokisikia kwenye koo la Marge. Mchoro hauzeeki. Sauti inazeeka. Julie Kavner, anayempa Marge sauti, alizaliwa mwaka 1950. Harry Shearer, ambaye ni Burns, bosi wa Homer, na ni Flanders pia, alizaliwa 1943. Hata mikwaruzo hiyo mimi naiheshimu, ni kazi ya maisha yote ya mtu. Lakini waandaaji tayari wamewahi kusimama mbele ya kifo mara kadhaa, na hawana jibu moja. Phil Hartman alipouawa mwaka 1998, wahusika wake wawili wakubwa walinyamazishwa milele. Marcia Wallace alipofariki 2013, mwalimu wa Bart aliondolewa darasani, na ikaonyeshwa nafasi yake ilivyobaki wazi. Watazamaji tulilia, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini Russi Taylor alipofariki 2019, mtoto aliyekuwa akimwigiza alipewa sauti ya mtu mwingine. Pamela Hayden alipostaafu mwishoni mwa 2024 baada ya miaka 35 akiwa Milhouse, rafiki wa Bart, ikatafutwa sauti mpya vilevile. Naona njia inaelekea wapi. Leo Milhouse, kesho Marge.

Mimi nilikulia Tororo, na antena ikielekezwa vizuri tulipata vichekesho vya Kenya. Mzee Ojwang' alikuwa kama jamaa yetu. Benson Wanjau, aliyemwigiza, alipofariki Julai 2015, hakuna aliyependekeza kwamba mtu mwingine avalishwe nguo zake na miwani yake aendelee. Lingesemwa, watu wangeona ni kukosa adabu. Kwenye katuni inakuwa rahisi kufanya kwa sababu uso unabaki uleule, na kampuni inaweza kujidanganya kwamba mtu hajaondoka.

Wapo wanaopinga, na hoja yao nzito zaidi inatoka Japani. Sazae-san, katuni ya familia inayorushwa kila Jumapili jioni, ilianza Oktoba 1969, miaka ishirini kabla ya Bart, na inaendelea. Watoto hawakui. Baba mzee wa nyumba ile alibadilishwa sauti baada ya mwigizaji wake kufariki mwaka 2014, na watazamaji wakazoea. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba jambo hili halifanyiki. Ila Sazae-san imekuwa kama kengele ya jioni, watu hukaa nayo kwa sababu wiki inaisha. Haikuahidi kumchoma mtu. The Simpsons iliahidi.

Njia nyingine ni kuwakuza. Katuni ya King of the Hill ilifungwa, ikakaa kimya zaidi ya miaka kumi, kisha 2025 ikarudi na wahusika waliozeeka, mtoto akiwa kijana anayejitegemea. Imefanya vizuri kuliko nilivyotegemea. Kwa akina Simpson sishauri. Kuganda kwa Bart ndiko msingi wa nyumba yao, ukiung'oa unajenga nyumba nyingine. Ningekubali zaidi kwamba misimu ya kila mwaka ikome kwenye ule wa 40, namba nzuri, na baada yake ije filamu au sehemu maalumu pale tu waigizaji wenyewe wanapotaka. Kikwazo ni kwamba funguo ziko mikononi mwa watu wawili. Disney ilinunua studio yenye katuni hii mwaka 2019, lakini chaneli ya Fox haikuuzwa pamoja nayo, ikabaki mnunuzi. Mmoja anapata pesa kwa kutengeneza, mwingine anapata matangazo, na kila sehemu mpya inawakumbusha watu kuzirudia zile mia saba za nyuma. Heshima unayoitaja haina kiti kwenye meza hiyo, isipokuwa watu wa sauti waiweke wao.

Sasa nirudi kwako. Wewe huhitaji kusubiri Disney na Fox. Mwisho wako unaweza kuuchagua mwenyewe: msimu fulani, sehemu fulani, ukasema kwangu imeishia hapa. Wengi wanaishia msimu wa nane au wa tisa na hawajakosa usingizi.

Usingizi wako ndio unaonitia wasiwasi. Sauti unayoifuata mpaka saa nane za usiku sidhani ni ya Homer. Unamsikia kaka yako chini yake, anavyofasiri. Sioni ubaya wowote katika hilo, na mwaka mmoja si muda mrefu kwa ndugu wa damu. Lakini wewe ni fundi umeme, unapanda ngazi na kushika nyaya, na mtu asiyelala hafai kushika nyaya. Ikiwa hali hii imeendelea kwa wiki kadhaa, au hamu ya chakula na ya kazi imekupotea, au wazo la kumfuata kaka limekupitia hata mara moja, usiniandikie mimi tena. Nenda ana kwa ana kwa mhudumu wa afya kwenye kituo kilicho karibu, uombe kuonana na mshauri. Hospitali za rufaa za mikoa huhudumia mambo haya, na Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Kampala, ni kazi yao kila siku. Hilo la kumfuata kaka likikujia, nenda siku hiyohiyo, na usiende peke yako. Na mwanao, ikiwa baada ya kuvichambua vile vipande bado halali kwa wiki mbili tatu, mpeleke naye, na mwalimu wake aambiwe.

Kwa usiku wa leo, zima simu mapema. Jumamosi mchana tafuta sehemu moja ya mwaka 1995 inayoeleza jinsi Maggie alivyozaliwa. Kama intaneti ni ghali, laibrari ya filamu mtaani watakuwekea kwenye flashi. Ndani yake Homer analazimika kurudi kwenye kazi anayoichukia, na bosi anamtundikia bango mbele ya meza yake linalosema asisahau kwamba atakuwa hapo milele. Homer anabandika picha za mtoto wake juu ya bango hilo, akifunika baadhi ya herufi, mpaka zinazobaki zinasomeka kitu kingine kabisa. Picha hiyo inapita upesi, na hata kama mwanao anasoma Kiingereza cha shule vizuri, anaweza kupitwa. Simamisha hapo, umfasirie, na ukiweza umwigie na sauti. Kwa Kiingereza maneno yanamtaja binti peke yake. Kwa Kiswahili utasema "fanya kwa ajili yake", na mwanao atakuuliza, ya nani?